Mtumishi Akiwatisha Washirika: La Kufanya

Wakulima wengi siku hizi hawategemei shamba peke yake. Watu wawili au watatu hukusanya akiba zao wakanunua mashine ya kusaga unga, au wakafungua duka la mbolea, au kituo cha kupokea maziwa. Huo ni mwendo mzuri, nasi twausifu. Lakini mali ya watu wawili ina taabu zake, na iko taabu moja ambayo watu huona haya kuieleza mbele ya wenzao: mtu waliyemwajiri wenyewe aanzapo kuwatisha.

Kupe ana dawa yake, na fukusi wa mahindi ana dawa yake. Mtu atishaye hana dawa ya kununuliwa dukani, lakini uko utaratibu wa kumshughulikia, na mwenye kuufuata huponyesha mali yake na hata uhai wake. Wengi hawaufuati. Wengine hunyamaza kwa hofu, wengine humfukuza mtu usiku kwa hasira, na wote wawili hujuta baadaye.

Tuchukue mfano. Si habari ya watu fulani. Umetungwa kwa ajili ya mafundisho tu.

Mzee mmoja na mama jirani yake walinunua mashine ya dizeli ya kusaga unga, nusu kwa nusu, wakaiweka sokoni. Mzee alimleta mpwa wake, mtoto wa dada yake, awe mwendeshaji. Hawakuandikiana naye mkataba. Mwaka wa kwanza kijana alifanya kazi vizuri, akakabidhiwa ufunguo wa kufuli, ununuzi wa dizeli na simu ya kupokelea fedha za M-Pesa.

Mwaka wa pili Mama aliona jambo. Dizeli ya juma moja ilikwisha kama kawaida, na wateja walikuwa ni wale wale na magorogoro yao ya mahindi, lakini fedha zilipungua kwa karibu robo. Alipomwuliza kijana kwa upole, alijibiwa hivi: "Mama, hapa pana dizeli, na usiku ni mrefu. Ukiniondoa mimi, mashine hii haitamaliza mwezi."

Mama akaenda kwa Mzee. Mzee akacheka. "Huyo ni mtoto, ana mdomo tu. Mimi nitasema naye." Hakusema naye. Baada ya siku chache kijana akaenda kwa mjomba wake na habari nyingine: "Mjomba, yule mama ataka kukutoa katika biashara, ndiyo maana ananitafutia makosa." Mzee akaanza kumtazama Mama kwa jicho la pembeni.

Mwisho Mama alipandwa na hasira, akampigia kijana simu saa tatu za usiku na kumwambia kwamba kazi imekwisha. Asubuhi Mzee akamwambia arudi. Basi kijana akarudi kwenye mashine akijua neno moja kubwa, kwamba pale hapana mtu awezaye kumgusa.

Msomaji na atazame jambo hili vizuri. Nguvu ya kijana yule haikutoka katika dizeli wala katika usiku. Ilitoka katika ufa uliokuwapo kati ya Mzee na Mama. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtu atishaye mali ya washirika huutafuta ufa huo kwanza, naye akiuona hukaa humo. Kwa hivyo katika yote tutakayoeleza hapa chini, neno lililo kubwa ni hili: washirika wawe na sauti moja.

TISHIO NI NINI, NA SI NINI

Kabla ya kumshtaki mtu, pimeni maneno yake. Mtumishi akisema, "Nitakuchoma na mashine yako," hilo ni tishio. Akisema, "Nipeni elfu ishirini la sivyo mtaona," hilo ni tishio na kudai mali kwa nguvu. Lakini akisema, "Mshahara wangu wa miezi miwili haujalipwa, nitakwenda kwa Ofisa wa Kazi," hilo si tishio hata kidogo. Hiyo ni haki yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yakataza kumwachisha mtu kazi kwa sababu amepeleka malalamiko au amemshtaki mwajiri wake.

Hapa washirika wengi hukosea. Wamekaa miaka miwili bila kumwandikia mtu mkataba, hawajapeleka michango yake ya NSSF, wala ile ya bima ya afya, ambayo tangu Oktoba 2024 hupelekwa kwa SHA mahali pa NHIF. Mtumishi ajua hayo yote. Siku ya ugomvi asema atakwenda kuyaeleza, nao waita vitisho. Dawa ya neno kama hilo ni kutengeneza mambo yenu, wala si kuliogopa. Lipeni mnachodaiwa, andikeni kilichokuwa hakijaandikwa, na siku hiyo hiyo silaha ile itamponyoka mkononi.

Tena, yawezekana mtu mmoja akawa na haki na kosa pamoja. Kijana aweza kuwa anadai mshahara wa kweli, na papo hapo ametishia kuchoma mashine. Mpeni haki yake, na mshughulikie kosa lake. Msiache moja lifunike lingine.

KWANZA: USALAMA, SIKU ILE ILE

Tishio la kuua au la kuchoma si jambo la kungojea mwisho wa mwezi. Sheria ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 223, yasema kwamba mtu atishaye kuua mwenziwe, kwa maandishi au kwa mdomo, aweza kufungwa miaka 10. Kumtia mtu hofu kwa vitisho vingine ni kosa pia, na kifungo chake chaweza kufika miaka 3. Na mwenye kuchoma nyumba kwa makusudi aweza kufungwa maisha. Kwa hivyo msidhani polisi watawacheka.

Nendeni kituo cha polisi, na ikiwezekana washirika wote pamoja. Elezeni maneno yaliyosemwa, na hakikisheni kwamba habari imeandikwa katika kile kitabu cha matukio kiitwacho OB. Ombeni namba yake na kuiandika katika daftari lenu. Kama askari wa mezani hakuwasikiliza, ombeni kumwona mkuu wa kituo. Jueni pia kwamba hakimu, akiona sababu, aweza kumtaka mtu aweke ahadi ya kutunza amani kwa muda usiozidi mwaka mmoja.

Kisha tazameni mahali penyewe. Badilisheni kufuli. Badilisheni namba ya siri ya simu ya fedha. Msiache mitungi ya dizeli ndani ya banda usiku. Mtu aliyetishwa asifunge biashara peke yake jioni, na njia ya kurudi nyumbani isiwe ile ile kila siku. Waambieni jamaa wa nyumbani na jirani wa duka la pili. Watu huficha mambo haya kwa aibu, lakini anayejua kwamba jirani zake wote wamesikia hupata wengi wa kumtazamia.

Jambo moja msilifanye kamwe: msiwaite vijana wa sokoni wamfunze adabu. Mtu akipigwa, ninyi ndio mtakaosimama mbele ya hakimu, na tishio lake litasahauliwa.

PILI: ANDIKENI

Maneno ya mdomo hupotea. Chukueni daftari mwandike siku, saa, mahali, na maneno yenyewe kama yalivyosemwa, kwa lugha ile ile iliyotumika. Msiandike "alinitukana" au "alinitisha". Andikeni alichosema, hata kama ni kichafu. Andikeni pia ni nani waliosikia. Kama tishio lilikuja kwa simu, msiufute ujumbe ule. Kama lilihusu hesabu, wekeni pamoja risiti za dizeli na orodha ya fedha.

Katika mfano wetu, kama Mama angaliandika siku ile ile, Mzee asingaliweza kucheka. Ni rahisi kumcheka mtu mwenye hofu. Ni vigumu kulicheka daftari.

TATU: WASHIRIKA WAKAE PEKE YAO

Kabla ya kusema lolote na mtumishi, washirika wakutane, pasiwe na mtumishi, wala mke, wala mume, wala shemeji. Wasomeane daftari. Kila mmoja aseme alilosikia kutoka kwa mtumishi juu ya mwenziwe. Mara nyingi hapo ndipo watu hugundua kwamba mtu mmoja alikuwa akibeba maneno mawili, hili kwa huyu na hili kwa yule.

Kisha waamue mambo matatu na kuyatia sahihi. La kwanza, ni nani atakayesema na mtumishi kwa niaba ya wote. La pili, kwamba hakuna atakayeajiri, atakayefukuza, wala atakayemrudisha mtu peke yake. La tatu, kwamba mtumishi akija kwa mmoja wao kwa siri, jibu ni moja tu: "Neno hilo tutalisikia tukiwa sote."

Hili si adabu tu, lina maana katika sheria. Kenya ina Sheria ya Ushirika wa Biashara ya mwaka 2012, na kwa kawaida neno alilofanya mshirika mmoja katika kazi ya biashara huwafunga washirika wote. Mama alipomfukuza kijana kwa simu, ilikuwa kama Mzee naye amefukuza. Mzee alipomrudisha, ilikuwa kama Mama naye amerudisha. Na kama kijana angalishtaki, wote wawili wangaliitwa.

Na jamaa je? Hapo pana uchungu. Mzee ataulizwa na dada yake, "Umemtupa mtoto wangu?" Hatuwezi kusema kwamba swali hilo ni dogo. Lakini Mzee akumbuke kwamba nusu ya mashine ile si yake, ni ya jirani aliyeuza ng'ombe wake akamwamini. Amsaidie mpwa wake kwa mali yake mwenyewe, kama kumtafutia kazi mahali pengine au kumlipia karo ya ufundi. Asimsaidie kwa usalama wa mwenziwe. Ni vyema yule mshirika aliye jamaa wa mtumishi awepo katika kikao, asikie yote, lakini msemaji awe yule mwingine au mtu wanayemwamini wote.

NNE: MWITENI, MSIKIENI

Wengi hudhani kwamba mtu akitisha, basi afukuzwe pale pale. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira charuhusu kumwachisha mtu kazi mara moja kwa makosa makubwa, kama kumtukana mwajiri, au kufanya kosa la jinai juu ya mwajiri au mali yake, au kushukiwa kosa hilo kwa sababu za kutosha. Lakini kifungu cha 41 chataka kwanza aelezwe kosa lake kwa lugha anayoifahamu, naye apewe nafasi ya kujibu, akiwa pamoja na mfanyakazi mwenziwe au mtu wa chama cha wafanyakazi amtakaye. Kama hana mfanyakazi mwenziwe, haidhuru kumruhusu aje na mtu mzima anayemwamini.

Wala msiseme, "Yeye ni kibarua tu." Kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, na haki zake hubadilika.

Barua ya kumwita yaweza kuwa fupi, kama hivi:

"Tumepata habari kwamba siku ya Jumanne, saa kumi na moja jioni, hapa kwenye mashine, ulimwambia Mama ya kuwa mashine hii haitamaliza mwezi ukiondolewa. Pia fedha za juma lile zilipungua. Twafikiri kukuachisha kazi kwa sababu hizo mbili. Njoo siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, utueleze upande wako. Waweza kuja na mfanyakazi mwenzako. Mpaka siku hiyo usije kazini; mshahara wako utahesabiwa kama kawaida."

Barua hiyo itiwe sahihi na washirika wote. Nakala moja ibaki kwenu. Akikataa kuipokea, andikeni kwamba amekataa, na shahidi atie sahihi.

Kikao kifanyike mchana, mahali penye watu karibu, kama chumba cha kanisa au ofisi sokoni. Kisifanyike nyumbani kwa aliyetishwa. Kama mwahofia vurugu, waambieni polisi saa na mahali. Mwacheni aseme mpaka amalize, nanyi mwandike majibu yake. Msibishane. Msimtishe. Mwajiri atishaye hana tofauti na mtumishi atishaye.

Na sikieni kweli. Yawezekana atakiri na kuomba msamaha. Yawezekana fedha zilipungua kwa sababu mkanda wa mashine uliteleza, dizeli ikachomeka bure. Yawezekana pia atarudia tishio lile mbele ya mashahidi, na hapo hamtakuwa na shaka tena. Kikao kisicho na masikio si kikao.

TANO: UAMUZI NA MALIPO

Baada ya kikao, washirika waondoke, wakae tena peke yao, wakate shauri. Kama ni onyo, liandikwe. Kama ni kumwachisha kazi, sababu iandikwe waziwazi katika barua.

Kisha mlipeni. Hapa tunasema kwa nguvu, maana hapa ndipo watu huharibu kazi nzuri yote waliyofanya. Hata mtu aliyeachishwa mara moja kwa kosa kubwa ni lazima alipwe siku ile ile fedha zake zote mpaka siku ya mwisho ya kazi, pamoja na likizo aliyoipata asiichukue. Kama mmeamua kumwachisha kwa njia ya kawaida ya notisi, mtu wa mshahara wa mwezi apewe notisi ya siku 28 kwa maandishi, au mshahara wa muda huo mahali pake. Kama amefanya kazi majuma manne au zaidi, apewe cheti cha utumishi. Msiandike ugomvi wenu katika cheti hicho.

Msizuie mshahara wake kuwa rehani ya fedha zilizopotea. Kama mna ushahidi wa wizi, huo upelekwe polisi. Mtu aliyeondoka na fedha zake mkononi hana neno la kuwaambia watu sokoni. Mtu aliyeondoka akidai hurudi, na pengine hurudi usiku.

Malipo yafanyike mbele ya shahidi, naye atie sahihi kwamba amepokea. Arudishe ufunguo, simu na kila kitu cha kazi, na vyote viandikwe.

Mkiruka hatua hizi, mtumishi ana nafasi ya kushtaki katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na muda wake ni miaka 3. Mahakama ikiona kwamba ameachishwa isivyo haki, yaweza kuamuru alipwe mpaka mishahara ya miezi 12. Biashara ngapi ndogo zaweza kubeba mzigo huo? Fikirini jambo hilo kabla ya kupiga simu saa tatu za usiku.

WAZEE NA BARAZA

Watu watauliza, je, hatuwezi kwenda kwa wazee? Mwaweza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 159, yahimiza mapatano na njia za jadi za kusuluhisha. Ugomvi wa mshahara, maneno ya dharau, mgawanyo kati ya Mzee na Mama, yote hayo wazee wayaweza vizuri. Hata baada ya mtu kuachishwa kazi, ni vyema wazee wa pande zote mbili wakutane ili kinyongo kisikae mtaani. Lakini tishio la kuua au kuchoma lifike kwanza polisi. Wazee hawana sero wala hawalindi usiku. Wakisuluhisha, namba ya OB na ibaki katika daftari.

KABLA YA SIKU MBAYA

Tuseme sasa juu ya wale ambao hawajafika huko. Washirika, kaeni chini mwezi huu huu, wakati mnapendana. Andikeni karatasi moja yenye mambo haya: nani ana sehemu gani, nani aajiri na nani aachisha, fedha zahesabiwa siku gani na mbele ya nani, na itakuwaje mmoja akitaka kutoka. Mwandikieni mtumishi wenu mkataba, maana sheria yautaka kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi, na penye kesi ni mwajiri atakiwaye kuuonyesha. Msimpe mtu mmoja ufunguo, ununuzi na fedha vyote pamoja. Hiyo si dharau kwake. Ni kumlinda na majaribu, na kujilinda ninyi.

Na turudi kwa Mzee na Mama. Bado hawajachelewa. Mzee na avuke ua leo jioni, aketi kwa Mama, aseme, "Mama, ulinieleza nami nikacheka. Nieleze tena." Neno hilo halina gharama, wala halihitaji wakili. Lakini pasipo neno hilo, barua na kikao na polisi havitafaa kitu, kwa sababu kijana atapita tena katika ule ufa.

Mwenye swali juu ya mikataba, notisi au malipo aende kwa Ofisa wa Kazi aliye karibu naye. Aende na daftari lake.